Mgeni Mwenye Ufunguo wa Hewa

1

Dola iliyowatawala kwa miaka tisini ilishuka Mirihi ikiwa imebebwa mgongoni.

Si utani huo. Wakubwa wa Mwezini walikuwa wamezoea mvutano mwepesi wa kwao, na mlango wa chombo ulipofunguliwa miguu yao ilikataa kazi. Jaji mmoja mwenye joho la zambarau alipiga hatua mbili, akaketi chini, akatazama huku na huku kama aliyeibiwa. Basi watu wa Bonde la Kutu, ambao babu zao waliletwa huku kuchimba mwamba, na ambao katika nyaraka zote za Dola hawakuwahi kuitwa chochote ila nguvukazi ya koloni, wakainama na kuwabeba. Walibeba mawaziri na wake zao. Walibeba watoto elfu mbili. Walibeba masanduku elfu sita ya nyaraka, pamoja na sanamu ya mwanzilishi wa Dola iliyovunjika pua njiani. Jumla walishuka watu elfu kumi na mbili, na kazi ilikwenda siku nne, na wabebaji walikuwa wakiimba.

Waliimba kwa sababu Shemsa binti Makame aliwaambia ipo sababu ya kuimba.

Shemsa alikuwa fundi mkuu wa matanuri, yale yanayooka mwamba mwekundu mpaka ukatoa oksijeni yake. Hakuna pumzi iliyovutwa katika mapango saba ya Bonde ambayo haikupitia mikononi mwake kwanza. Alikuwa na miaka arobaini na sita, makovu ya moto mpaka viwikoni, na tabia moja mbaya: mtu akishakula naye sahani moja, basi, amemwamini. Barafu ya Mwezini ilipokwisha na Kiti cha Dola, yaani Kansela na serikali yake nzima, kikatafuta pa kukimbilia, Shemsa ndiye aliyesimama mbele ya baraza la Bonde na kuwasomea barua za rafiki yake Odilon. Makao makuu hayawezi kuwa koloni, zilisema barua. Siku Kiti kitakapotua kwenu, nanyi mtakuwa raia.

Odilon mwenyewe alibebwa na Shemsa. Ndiye sasa Waziri wa Makao, nywele zimeingia mvi, na bado mabega yake yalikuwa yaleyale ya yule kijana mhandisi aliyepanga nyumbani kwao miaka ishirini iliyopita. Alikaa nao miaka miwili. Aliugua homa ya vumbi, na mama yake Shemsa, Bi Mize, akamkeshea wiki tatu akimlisha uji kwa kijiko.

"Umekuwa mzito, Waziri," Shemsa alisema akihema.

"Ni vyeo hivi, dada. Nivue kimoja utaona nafuu."

Wakacheka mpaka akakaribia kumwangusha. Bi Mize alikuwa akiwangoja mlangoni pa pango la kwanza, kifua chake kikikoroma kama kawaida yake.

"Shikamoo, Mama," alisema Odilon, bado yuko mgongoni.

"Marahaba, mwanangu. Umekonda jamani. Huko hawali?"

Kisha likafanywa jambo ambalo halijapata kufanywa. Katika Bonde, kila nyumba ina vali yake ya hewa, na kila vali ina ufunguo, na mgeni akiingia, mwenye nyumba huuvua ufunguo shingoni mwake na kumvika mgeni. Hulala nao. Hivyo anajua hakuna wa kumfungia pumzi akiwa usingizini. Desturi hiyo ilianza zama za walowezi wa kwanza, baada ya mtu mmoja kugombana na wakwe zake waliomtembelea, akafunga vali na kwenda kazini. Walikutwa watu kumi na tisa wameketi mezani, wamekufa. Tangu hapo mgeni hushika ufunguo mpaka siku anapoondoka, na huurudisha kwa mkono wake mwenyewe. Mwenye nyumba hauombi. Hata kwa utani, hauombi.

Sasa Shemsa alikuwa amelishawishi baraza limvike Odilon, kwa niaba ya Dola, ufunguo wa vali kuu, ile inayogawa hewa kwa mapango yote saba. Odilon ndiye aliyeliomba jambo hilo katika barua. Nipokeeni kama mlivyonipokea zamani, aliandika, na Shemsa alipoisoma sentensi hiyo mbele ya wazee sauti ilimkatika. Aliyepinga alikuwa mmoja tu, kaka yake, Pandu, mchimbaji, ambaye daima alionekana mtu wa kupinga hata chakula kizuri.

"Mgeni wa nyumba tunamjua," alisema Pandu. "Mgeni wa dola ni kitu gani? Anaondoka lini?"

Walimcheka.

"Kwa jina la Bonde la Kutu lote," alisema Shemsa, na kumvika. Odilon aliinamisha kichwa kupokea. Macho yake yalikuwa na machozi, na hata baadaye, baada ya yote, Shemsa hakuweza kuapa kwamba yalikuwa ya uongo.

2

Miezi mitano haikuisha.

Kwanza zilibadilishwa saa, zikafuata majira ya Mwezini, kwa hiyo watu wakawa wanaenda zamu za kazi wakati miili yao inataka kulala. Kisha yakabadilishwa majina. Pango la kwanza likawa Mtaa wa Kiti, shule yake ikawa ofisi ya Waziri. Watu walinung'unika kidogo, wakajifariji kwamba uraia unakuja, makaratasi ndiyo huchelewa. Wageni nao walikwisha kupata vyuma vya kuwashika miguu, wakaanza kutembea wenyewe, na wakishaanza kutembea wakaacha kusalimia.

Kisha watu wa pango la saba wakaanza kukohoa. Shemsa alikagua matanuri yake yote manne. Yalikuwa yakitoa hewa ileile ya siku zote, hata tone halikupungua. Akapima kanieneo, yaani msukumo wa hewa, kwenye bomba linaloingia pango la saba, akakuta imeshuka kwa theluthi. Maana yake vali kuu ilikuwa imekazwa upande huo, na mwenye ufunguo wa vali kuu alikuwa mtu mmoja. Alipima tena mara ya pili, akapata jibu lilelile.

Tangazo likatoka kesho yake. Katiba ya Dola, lilisema, hairuhusu Kiti kukaa katika ardhi ya koloni. Kwa hiyo Bonde la Kutu sasa ni ardhi ya nyumbani. Na kwa kuwa watu wa koloni hawana ruhusa ya kuishi katika ardhi ya nyumbani, wakazi wote elfu tisa watahamishiwa mapango ya Kaskazini kabla ya mwezi kwisha.

Mapango ya Kaskazini yalikuwa machimbo yaliyoachwa, yenye tanuri moja bovu. Hewa ya kule ni nyembamba. Mtu mzima mwenye afya hupumzika kila baada ya hatua kumi. Bi Mize na kifua chake asingemaliza mwaka.

Shemsa alikwenda ofisini na nguo za kazi, mavumbi na yote. Odilon alikuwa ameketi chini ya ubao wa darasa, ufunguo ukining'inia juu ya joho.

"Ulisema tutakuwa raia."

"Nilipoandika nilitaka iwe hivyo."

"Ulitaka."

"Kansela alikataa. Wote walikataa, Shemsa. Walisema Dola yenye watawaliwa wengi sebuleni kwake si Dola tena, ni wakimbizi wenye mihuri." Alisugua macho. "Nina watu elfu kumi na mbili hawana pengine pa kwenda. Nikachagua."

"Mama hamalizi mwaka kule. Unajua kifua chake. Wewe umekisikia kifua hicho wiki tatu, kila alipokuinamia na uji."

Odilon alitazama meza. "Nitamwombea kibali abaki. Yeye na wewe. Matanuri yanakuhitaji."

"Na Pandu? Na wale wa pango la saba unaowakausha mapafu?"

 Odilon aliushika ufunguo kwa vidole viwili, akamtazama Shemsa usoni, kwa upole kabisa. "Kuna kitu unataka kuniomba, dada?"

Neno la kuudai ufunguo lilimfika Shemsa mpaka kwenye meno. Akalimeza, kwa sababu kuna mambo mtu wa Bonde hayatamki, akatoka bila kuaga. Ofisini mle Odilon alibaki akimtazama mlangoni. Alikuwa na subira nyingi mno mtu yule, na Shemsa alikuwa amekasirika kiasi cha kutojiuliza anasubiri nini.

3

"Zima matanuri," alisema Pandu.

Walikuwa katika ukumbi wa matanuri, wao wawili, na kelele za moto ziliwasitiri.

"Siku moja inatosha," aliendelea. "Sisi kila mtu ana kinyago chake cha mgodini na mtungi wa hewa ya saa thelathini. Wao hawana hata kimoja. Huhitaji ufunguo. Huhitaji kumgusa mtu. Unaacha moto upoe, basi."

"Kuna watoto elfu mbili, Pandu."

"Na kwetu hakuna watoto? Wa pango la saba ni mbuzi?"

"Nimewabeba mgongoni wale. Mmoja alinitapikia shingoni." Sauti ilimpanda. "Unataka niwakute wameketi mezani?"

Pandu aliguna, akapiga ukuta kwa kiganja. Alikuwa mtu mkali lakini si mkatili, na neno hilo la mezani lilikuwa limemwingia. "Basi niambie wewe, fundi. Maana wewe ndiye uliyetutia humu. Ulivishwa kilemba cha ukoka na barua za rafiki yako, ukatuvika na sisi."

Lilimchoma, na alistahili kuchomwa. "Nitaudai ufunguo," alisema.

Kaka yake alimgeukia polepole.

"Unajua adhabu yake."

"Naijua. Nyumba iliyomdai mgeni ufunguo huhamwa na wenyewe. Mgeni hubaki ndani, mwenye nyumba hutoka na harudi. Sawa. Nitatoka mimi. Chumba changu watakipiga chokaa, jina langu litafutwa, nitakwenda Kaskazini na mkeka wangu. Lakini ufunguo utakuwa umerudi. Na ufunguo ukirudi, hana la kututishia, na matanuri yako kwetu. Itabidi aketi azungumze nanyi."

"Akikataa kuutoa?"

"Akikataa mbele ya watu wote, atakuwa si mgeni tena, ni mwizi. Hapo hata Mzee Vuai na baraza lake zima watasema mkamvue kwa nguvu."

 Pandu alitafuta kosa na hakuliona, na yeye alikuwa hodari wa kutafuta makosa. Mwisho alimshika dada yake kichwani kama alivyokuwa akimshika walipokuwa wadogo. "Mama atakufa kwa aibu," alisema.

"Afadhali kwa aibu kuliko kwa kukosa hewa."

4

Shemsa alichagua siku ya ukaguzi wa vinyago, Bonde zima linapokusanyika katika ukumbi wa vali kuu. Odilon alifika na askari sita, kama alivyofanya kila mara. Wazee wa baraza walikuwa mbele, Mzee Vuai katikati yao, na Bi Mize amekalishwa kwenye kiti kwa ajili ya kifua.

Shemsa alitoka katikati ya watu, akasimama hatua tatu mbele ya Waziri.

"Odilon," alisema. "Naudai ufunguo."

Mama mmoja alimziba mtoto wake masikio.  Shemsa hakugeuka kumtazama mama yake. Alijua akigeuka tu, atalirudisha neno lake.

Odilon hakukataa. Aliuvua ufunguo taratibu, akauweka katika kiganja cha Shemsa, akakikunja kiganja hicho kwa mikono yake miwili. Ulikuwa wa moto kwa joto la kifua chake. Nyuma kabisa Pandu alicheka kwa sauti, kicheko cha mtu aliyetua mzigo, na kwa muda wa pumzi mbili hivi Shemsa aliamini ameshinda.

"Wazee wangu," Odilon alisema. Alisema kwa lafudhi ya Bonde, ileile aliyojifunzia jikoni kwa Bi Mize. "Naomba kuuliza, maana mimi mlinifunza nikiwa kijana, huenda nimesahau. Nyumba iliyomdai mgeni ufunguo hufanywaje?"

Mzee Vuai alimtazama Shemsa kwanza. "Huhamwa."

"Na nani?"

"Na wenyewe."

"Nyumba yangu ni pango la nne, chumba cha kumi na mbili!" Shemsa alipaza sauti. "Natoka leo. Natoka sasa hivi!"

"Huo si ufunguo wa chumba cha kumi na mbili, dada," Odilon alisema kwa sauti ya chini. "Ulinivika kwa jina la nani?"

Elfu tisa walikuwepo siku ile, na elfu tisa walimsikia akisema: kwa jina la Bonde la Kutu lote.  Shemsa aliona sasa barua zote, moja baada ya nyingine, na ile sentensi iliyomkata sauti. Aliona mkono ulioshika ufunguo kule ofisini na yale macho ya upole. Askari wangeweza kuwatoa watu kwa bunduki, lakini wangemwaga damu, na vinyago vingevaliwa, na matanuri yangepoa. Odilon alihitaji watoke wenyewe. Na ili awatoe hivyo, ilibidi ajue desturi hii kama anavyojua njia ya kwenda chooni, na aliijua kwa kuwa ilimlinda yeye mwenyewe, alipokuwa kijana mgonjwa asiye na kwao, amelala na ufunguo wa Bi Mize shingoni. Kupigwa na adui kunauma. Huku kulikuwa kupigwa kwa mkono uliolishwa.

"Ni ujanja huo!" Pandu alifoka akisukuma watu kuja mbele. "Mzee, huoni? Ni ujanja!"

"Naona," alisema Mzee Vuai, na uso wake ulikuwa umezeeka zaidi. "Ni ujanja. Na sheria ni yetu."

Kelele zikalipuka. Wengine walisema wasitoke, sheria haikuwekwa kwa ajili ya nyang'au. Wengine walikuwa wanalia. Bi Mize ndiye aliyesimama. Alikwenda mpaka alipo binti yake, akipumzika njiani mara moja, akamfungua vidole akautoa ufunguo.

"Huko tunakokwenda tutalala wanne wanne kwenye pango lenye tanuri moja," alisema, na watu walinyamaza ili wamsikie. "Mtu atamwachia jirani yake vali, alale. Tukibaki leo kwa kuwa sheria imetuuma, kesho nani atalala?"

Kisha akamwinua Odilon kidevu, akamvika tena ufunguo.

"Sisi tunaondoka. Wewe usilale na hofu, mwanangu."

 Vyuma vya miguuni mwa Odilon viligongana. "Shikamoo, Mama," alisema, kwa sauti ambayo haikuwa ya waziri.

Bi Mize alikuwa amekwisha kumpa mgongo, na hakuitikia.

Shemsa alimchukia mama yake wakati ule. Alimchukia kwa moyo wote, kuliko alivyomchukia Odilon, kwa sababu kutoka kwa Odilon angalau alikuwa ameanza kutegemea lolote.

5

Walimpa Shemsa saa tatu kuwafundisha mafundi wa Mwezini. Alikataa kibali cha kubaki, na akakataa kumwona aliyekileta.

Fundi aliyeletwa alikuwa mwanamke wa rika lake, jina lake Noemi, mwenye kalamu sikioni na haya nyingi. Hakuwa na hatia ya lolote, ila ya kuwapo. Shemsa alimwonyesha jinsi ya kulisha mwamba, jinsi ya kutoa machicha yanayobaki chini, na wapi pa kusimama ili mlipuko wa mvuke usimchune uso. Noemi aliandika kila kitu.

"Na joto?" aliuliza. "Nalijuaje kuwa limefika?" Akaelekeza kalamu kwenye kipimo ukutani. "Nifuate hiki?"

Kipimo kile kilikuwa na kasoro tangu enzi za baba yake Shemsa. Husoma chini ya joto halisi kwa nyuzi arobaini, na hakuna aliyejali kukitengeneza kwa sababu kila fundi wa Bonde hutazama rangi ya machicha. Atakayekifuata kipimo ataongeza moto kidogo kila siku akidhani anasahihisha. Kuta za matanuri yote manne zitapasuka ndani ya mwezi mmoja, na hakuna mtu Mwezini wala Mirihi anayejua kuzijenga upya ila watu waliokuwa wakipita wakati huo nje ya dirisha, wamejitwika mikeka.

Shemsa aliwatazama. Pandu alikuwa amemshika mama yao mkono. Bi Mize alikwenda hatua kumi akasimama. Akaenda tena, hatua nane, akasimama.

Hakuhitaji kusema uongo. Alihitaji kutikisa kichwa tu. Sheria ya ufunguo haikusema neno lolote kuhusu kipimo kibovu, na asingekuwa amemfungia mtu yeyote hewa. Wangejipalia makaa wenyewe, kwa mikono yao wenyewe, na baada ya mwezi watu wake wangerudi majumbani mwao kwa miguu. Odilon angelielewa hilo vizuri kuliko mtu yeyote. Ndivyo afanyavyo kazi yake.

Bi Mize alikwenda hatua saba.

"Dada?" alisema Noemi. "Nifuate kipimo?"

"Usikifuate," alisema Shemsa. "Kinadanganya. Njoo utazame rangi. Ikiwa kama kutu, bado. Ikiwa njano, umefika, punguza moto. Ikiwa nyeupe, kimbia uwatoe watoto kwanza."

Noemi aliandika hilo nalo. Shemsa akamfanya arudie, mara ya pili, mara ya tatu, mpaka akawa na hakika kwamba hawezi kukosea, na muda wote huo machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka kwenye kola ya nguo ya kazi. Mwisho Noemi alifunga daftari, akamshika mkono wenye makovu, akamwuliza kwa nini analia.

Shemsa alimwambia ni moshi wa tanuri. Huo ndio uongo pekee aliousema siku ile.